Pipa Moja kwa Magari Yote

Siku ya kwanza niliyokwenda kufanya biashara na Verna Hautamäki, chupa yangu ya mfano ilitoka gerejini kwake kabla yangu, tena kwa njia ya hewani. Ilitua kwenye theluji bila kupasuka. Nikaiokota, nikaipangusa, nikairudisha kwenye sanduku. Chupa ni chupa, na muuzaji anayemnunia mteja siku ya kwanza atakufa njaa.

Banda lake la bati liko kando ya barabara ya mgodi wa zamani, hapa kwetu Rautala, kaskazini kabisa mwa jimbo la Michigan, Marekani, ambako chuma kiliisha lakini watu wakabaki. Niliingia nimevaa koti jipya la sufu. Hilo lilikuwa kosa. Nilimkuta amelala chali chini ya lori la kusukumia theluji, nikaanza kuisifu bidhaa yangu huku nikizungumza na buti zake. Nilimweleza kwamba ninauza mafuta ya giaboksi otomatiki, aina moja inayofaa magari ya viwanda vingi, kwa hiyo hana haja tena ya kujaza rafu chupa za kila kiwanda. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Ndipo akatoka, akafuta mikono, akaichukua chupa na kuisoma nyuma taratibu, mdomo ukimcheza.

"Kizuri chajiuza," akasema. "Hiki mpaka kiletwe mlangoni na koti."

Nikamwambia, mama, hapo nyuma wametaja karibu kila kiwanda cha magari duniani.

"Nimeona. Wanasema yanafaa. Anayesema ni nani? Ni yeye aliyeyapika. Mwenye giaboksi amesemaje?"

Nikajibu kwamba wenye giaboksi wana kiburi, wanataka kutuuzia chupa zao kwa bei ya manukato.

"Hapo umesema kweli," akasema, "na ukweli wako wote umeishia hapo. Toka."

Ndivyo tulivyojuana. Tangu siku hiyo hakuwahi kuniita jina langu, Trevarrow. Aliniita Muuza Maji Mekundu, kwa rangi ya mafuta yangu, hata mbele ya wateja wangu, na katika mji mdogo kama huu jina la namna hiyo hukuganda mwilini kama kupe.

Nilimchukia, sitaki kudanganya. Lakini mtu unayemchukia lazima umsome, nami nilimsoma. Verna alikuwa fundi wa malori makubwa mgodini, mwanamke peke yake katika karakana nzima, mpaka siku walipofunga lango na kumpa kila mtu mkono wa kwaheri na kofia. Mumewe akafa baadaye kidogo, mapafu. Wengine walihama, yeye akanunua vifaa vya karakana siku ya mnada, akaanza kufungua giaboksi ambazo gereji nyingine zote zilikuwa zinazitupa. Hakuandika ahadi yoyote. Alikupa mkono mmoja wenye grisi, akakwambia ikifa kabla ya majira mawili ya theluji mlete, nitaifungua upya. Watu walitoka vijiji vya mbali kufuata mkono ule. Magari yote ya kata yalikuwa kwake: ya kusukumia theluji, la zimamoto, na lile basi dogo linalowapeleka wazee hospitali na kwenye chakula cha mchana cha kanisani.

Alikuwa pia mkali kupita kiasi, na mara nyingine mkali bila sababu. Mteja akisema neno "haraka" alirudishiwa funguo zake. Kwa mafuta ndiyo usiseme. Kila gari lilipata chupa ya kiwanda chake, hata malori yaliyokuwa na umri wa kupiga kura. Wenye malori waliumia, na mimi nilijua wanaumia bure, kwa sababu giaboksi zile za zamani hazina makuu. Viwanda vyenyewe vilishaacha kupika mafuta yake ya asili, vikasema tumieni haya mapya badala yake. Mafuta yangu yalizitosha vizuri. Kwa hilo Verna alikuwa amekosea, nami nilikuwa sahihi, na hakuna kinachomkera mfanyabiashara kama kuwa sahihi bila mauzo.

Ubishi haukuwa na maana. Nikaweka changu rehani. Kabla theluji haijaanza nilimpelekea lori langu mwenyewe, kuukuu, lenye jembe la theluji mbele. Nikamwambia: fungua giaboksi, jaza mafuta yangu, piga muhuri kwa mkono wako. Nitalifanyisha kazi majira yote. Theluji ikiyeyuka fungua mwenyewe. Sahani za klachi zikiwa zimeungua, sitakanyaga tena hapa. Zikiwa nzima, unachukua pipa moja kwa ajili ya malori ya zamani.

Akaliangalia lori, akaniangalia mimi. "Zikiungua utaliacha hilo koti. Nitalitundika ukutani wateja waone ngozi ya muuza maji."

Tukapeana mikono. Anayejua kazi ya kusukuma theluji anajua adhabu yake: mbele, nyuma, mbele, nyuma, siku nzima, giaboksi inachemka huku nje mate yanaganda. Sikulihurumia lori lile. Majira yalipokwisha alilifungua mbele yangu, akazitoa sahani moja moja, akazinusa, akapaka mafuta kwenye kitambaa cheupe akakitazama mwangani. Zilikuwa safi. Basi mama yule alikasirika mpaka masikio yakamwiva. Hakusema nimeshinda. Alisema, "Leta pipa lako," akalipokea, akachukua chaki akaandika ubavuni kwa herufi kubwa: MALORI YA ZAMANI TU. Mapya, na hasa lile basi la wazee, akaendelea kuyanunulia chupa za kiwanda kutoka mjini, kwa wengine, si kwangu.

Nilimuuliza kwa nini basi ni tofauti. Alinijibu kama anayemfokea mbwa, lakini alinijibu. Alisema giaboksi ile ndani haina gia za meno. Ina mkanda wa chuma unaobanwa katikati ya puli mbili, na mafuta yake lazima yateleze kila mahali isipokuwa pale mkanda unapobanwa. Pale lazima yashike. Yakikosea kidogo tu, mkanda unaanza kula puli. "Mafuta yako hayajui kushika hapo," akasema. "Kiatu kimoja hakivaliwi na ukoo mzima." Nikaliweka neno hilo akilini. Kitu kinachoweza kuua gari la mteja ni vizuri muuzaji akijue kabla ya mteja.

Shida yote ilianzia kwenye pipa lile na mtu aliyeliona bila kulijali lile andiko la chaki.

Mwenyekiti wa kata yetu ni Craig Nordeen, muuza pikipiki za theluji, mwenye meno mazuri. Alichaguliwa kwa ahadi ya kubana matumizi. Alipita kwa Verna, akaliona pipa, akaondoka na hoja moja kichwani: ikiwa hata Verna mbishi anatumia mafuta ya aina moja, basi kata nzima itumie pipa moja kwa magari yote. Jumamosi akanialika sauna kwake, kile chumba cha mbao cha kuogea mvuke, kando ya ziwa.

Huku kwetu mambo mazito huzungumzwa sauna. Unavua nguo, unavua na uongo. Mtu anaweza kukudanganya dukani, kanisani akajikaza, lakini kwenye benchi lile la mbao, jasho likitiririka, neno ni neno. Wazee wa Kifini waliwafundisha hivyo watoto wao, na sisi ambao babu zetu walitoka Cornwall, Uingereza, tukajifunza kwao. Tulikuwa watatu: Nordeen, mimi, na Lloyd Hautamäki, mtunza gereji ya kata, mdogo wake marehemu mume wa Verna. Lloyd alikaa juu karibu na jiko, kazi yake kumwagia mawe ya moto maji ili mvuke upande.

Nordeen alitaka bei. Nikampa, akaivunja, nikaiinua, tukafika mahali, akaagiza pipa la kata. Halafu nikamwambia, tena kwa sauti ya kusikika, kwamba mafuta haya ni ya malori yake ya zamani. Gari lenye giaboksi ya mkanda, yaani lile basi la wazee, aliache kwa Verna lipate mafuta ya kiwanda chake. Sikusema hivyo kwa wema. Niliwaza tu kwamba basi lile likifa na mafuta yangu tumboni, hakuna gereji itakayonunua kwangu hata tone.

"Nimesikia, nimesikia," akasema, akamwomba Lloyd aongeze maji.

Theluji ya kwanza ikaanguka. Sasa, watu wa nchi ya theluji tunasoma ardhi kama wengine wanavyosoma gazeti. Gari likilala nje, asubuhi unaangalia chini yake. Doa jeusi ni mafuta ya injini. Doa jekundu ni giaboksi. Doa la kijani ni maji ya rejeta, yale yasiyoganda. Mtoto wa hapa anajua hilo kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Lloyd alikwenda kuliwasha basi la wazee, akakuta tone la kijani chini yake. Akalifuata tone mpaka juu, likampeleka kwenye kizibo cha giaboksi.

Kwa akili yake, na kwa akili ya kila mtu wa hapa, kijani ndani ya giaboksi ni maji ya rejeta, na maji yakiingia humo ni kifo. Akaona Verna, aliyeifunga giaboksi ile juzi juzi tu, ameacha maji yavuje ndani. Akampigia mwenyekiti simu. Kisha akayamwaga yote ya kijani kwenye galoni, akajaza mekundu kutoka pipa la kata, akaendesha kidogo uwanjani, akarudi ndani anatembea kama mtu aliyeokoa nyumba isiungue.

Kijani kile kilikuwa mafuta halali, ya kiwanda, chupa kwa chupa, aliyoyatia Verna. Kiwanda kile hupaka mafuta yake rangi ya kijani, basi, hakuna siri nyingine. Lakini nani angemwambia Lloyd? Verna hakuulizwa. Kumuuliza Verna kitu kulikuwa kunahitaji moyo.

Basi likaenda wiki kadhaa likilia kama mbu, halafu likaanza kutetemeka milimani. Siku ya dhoruba likagoma kabisa kwenye mteremko wa kanisa, wazee wakiwa ndani na vyungu vyao vya chakula mapajani. Walirudishwa majumbani kwa lori la theluji, wawili wawili, wakiwa wamebebwa kama magunia ya viazi. Hakuna aliyeumia, ila walivunjiwa heshima, na mji ukataka wa kulaumiwa.

Nordeen akampata upesi. Akatangaza kwamba Verna Hautamäki aliacha maji ya rejeta ndani ya giaboksi, ushahidi upo kwenye galoni, na kwamba katika mkutano mkuu wa Machi ataomba kata imwandikie serikali ya jimbo ili anyang'anywe leseni ya ufundi. Hapa kwetu fundi bila leseni haruhusiwi kupokea hata ufunguo wa mteja. Kumnyang'anya Verna leseni ilikuwa sawa na kulifunga lango la mgodi mara ya pili, na safari hii bila kofia.

Nilikwenda kwake kabla ya mkutano. Sikwenda kumpa pole, nilikuwa na pipa langu pale na nilitaka kujua hatima yake. Nilimkuta anapasua kuni nje kwa hasira ambayo kuni hazikuistahili. Nikamuuliza atajitetea vipi. Akasema hajitetei kwa mtu anayepima giaboksi kwa kutazama rangi.

"Watakula leseni yako, Verna."

"Waile. Itawapalia." Akapiga shoka. "Na wewe uko upande gani, Muuza Maji?"

Nikamwambia niko upande wa pipa langu. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu tujuane, kicheko kibaya, akasema angalau mmoja katika kata hii anasema alivyo.

Mkutano mkuu ulijaa. Ukumbi ulinuka kahawa na soksi mbichi, na mezani palikuwa na mkate wa iliki uliokatwa vipande, kwa sababu sisi hata tukitaka kumla mtu tunaanza na mkate. Nordeen alisema kwa upole mkubwa. Alisema inamuuma sana. Alisema Verna ni mtoto wa hapa. Halafu akaweka ile galoni mezani, kijani kikaonekana kwenye mwanga, na ukumbi ukavuta pumzi pamoja. Kila jicho pale lilijifunza tangu utotoni kwamba rangi ile ni ya rejeta. Niliona mikono yao ikianza kuwawasha kabla hajaomba kura.

Verna akasimama na ovaroli lake. Hakumtazama mwenyekiti hata kidogo. Alimtazama Lloyd.

"Shemeji, haya uliyatoa kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu, shemeji."

"Uliyanusa?"

"Nilikuwa na mafua."

Watu wakacheka. Verna hakucheka. "Hapo mbele yako kuna jagi la maji na glasi. Yamimine kidogo kwenye maji."

Nordeen akasema huu ni mkutano wa kata na si jiko la mtu. Lakini Lloyd, ambaye si mwerevu ila si mbaya, alikwisha kumimina. Sote tunajua maji ya rejeta yakitiwa kwenye maji hufanya nini: hupotea humo, kama sharubati. Haya hayakupotea. Yalikaa juu, duara la kijani, yanang'aa. Lloyd akachukua kijiko cha kahawa akakoroga mpaka glasi ikalia. Duara likavunjika, likapanda tena, likajiunga. Akakoroga tena. Nadhani alikuwa anaomba moyoni liyeyuke.

"Ni mafuta," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Rangi ni ya kiwanda," Verna akasema. "Wangetaka wangeyatia zambarau. Lile tone ni langu. Nilirudishia pete ya zamani ya kizibo badala ya kutia mpya, na hilo mniulize nitalijibu. Lakini mkanda wa lile basi umekufa kwa maji mekundu mliyolinywesha nyinyi."

Hapo ndipo mwenyekiti wetu mwenye meno mazuri alipogeuka na kunitafuta. Nilikuwa nyuma, mkate mdomoni.

"Basi kama ni mafuta mekundu," akasema, "muuzaji yuko hapa. Trevarrow ndiye aliyeniambia yanafaa magari yote." Akanitazama jicho la upande, jicho la mtu aliyebeba oda ya mapipa ya mwaka ujao mfukoni. Nililielewa jicho lile. Lilisema: nyamaza, uzito tutaugawana, sumu itasambaa mpaka isionekane, na biashara itaendelea.

Nimeuza vitu vingi maishani. Nimeuza betri zilizochoka na kuzisifu kwamba zina busara. Lakini sijawahi kuuza kitu nikasema kinafaa mahali nilipojua kinaua, kwa sababu mfu hanunui mara ya pili. Na sasa mtu huyu anataka kunivisha neno ambalo sikulisema, mbele ya kila mwenye gereji wa kata tatu. Hasira ilinipanda, nikaumeza mkate bila kuutafuna. Nikapiga hesabu yangu haraka: nikinyamaza nina kata, nikisema nina gereji zote zilizobaki. Hesabu haikuwa ngumu, lakini hata ingekuwa ngumu, nadhani siku ile ningesema.

Nikasimama. "Mwenyekiti, hayo unayasema ukiwa umevaa suruali. Tuliyosemezana tukiwa uchi ni mengine."

Ukumbi ukacheka, halafu kicheko kikakatika ghafla kama kimekatwa kwa kisu, maana kila mtu alielewa nimelitaja benchi gani.

"Rudia niliyokwambia sauna," nikasema.

Akasema hakumbuki maneno yote, kulikuwa na joto.

Hakuna mtu wa Rautala anayesema hakumbuki la sauna. Anaweza kusema hataki kulisema, na watu watamheshimu. Lakini kwamba hakumbuki ni sawa na kutema mate kwenye mawe. Mzee mmoja wa mbele alikiweka kikombe chake chini bila kunywa. Na Lloyd, bado ameshika kile kijiko, akasema bila kuinua kichwa:

"Alikuambia si ya basi la wazee. Mimi nilikuwa namwagia mawe maji, nikasikia. Na siku ya tone nilipokupigia simu nilikukumbusha. Ukasema, tia ya pipa, pipa tumeshalilipia."

Kura ikapigwa kwa sababu ilikuwa kwenye ratiba. Mikono iliyoinuka kutaka leseni ya Verna ingeweza kukaa yote kwenye kiti kimoja, na wenyewe waliishusha upesi walipoona ni yao tu.

Nje, theluji ilikuwa laini ya Machi, ile yenye uchafu. Verna alikuwa anafuta kioo cha lori lake kwa mkono. Nilimkaribia, na kusema kweli nilitazamia neno la shukrani, hata dogo la kutafuna njiani.

"Ulijua tangu siku basi lilipokufa," akanirushia. "Ulijua ulichomwambia. Ulikaa nalo wiki zote hizo, ukala mkate, ukangoja mpaka wewe mwenyewe uguswe ndipo ukasimama."

"Mimi ni duka, Verna. Mimi si kanisa."

"Ndiyo maana sikushukuru." Akaingia ndani ya lori. Kisha akashusha kioo. "Koti hilo."

"Koti gani? Dau nilishinda mimi."

"Dau lile umeshinda. Hili ni lingine. Unataka kuniuzia mafuta ya kiwanda, ya kijani, ya samawati, ya kila rangi, au hutaki? Nimechoka kuyafuata mjini. Lakini utaniletea kwa bei yangu, na kuanzia leo anayekuja kwangu na koti la sufu analiacha."

Nilibishana naye pale kwenye baridi mpaka vidole vikafa ganzi. Bei yake ilikuwa ya kinyang'anyi. Nikaikubali, maana mteja mmoja kama Verna huvuta wengine kumi wenye woga, na baada ya mkutano ule hapakuwa na gereji iliyothubutu kuweka pipa bila kumuuliza yeye kwanza. Koti likaenda pia. Lilikuwa koti zuri.

Nordeen bado ni mwenyekiti. Uchaguzi ulikuwa mbali, na watu wa hapa hasira yao ni ya kimya, humnyima mtu sauna kabla ya kumnyima kura. Alifuta oda yangu wiki ile ile, akanunua pipa kwa muuzaji wa mbali ambaye hajui hata jina la ziwa letu. Kata ikamwomba Verna arudi kwenye magari yake. Akajibu kwa neno moja la Kifini ambalo sitaliandika. Lloyd hakuitwa tena kumwagia mawe ya mwenyekiti maji. Sasa Jumamosi anakwenda kwa shemeji yake, anakaa benchi la chini, anasemwa mpaka anatoka mwekundu mara mbili, kwa joto na kwa aibu.

Lile basi, kata ililitupa kama chuma chakavu. Nililinunua mimi. Verna akapata giaboksi nyingine kutoka gari lililogongwa, tukagombana juu ya fungu la kila mtu, nikamwona akiijaza mafuta ya kijani na kukifunga kizibo kwa pete mpya ya shaba, akinitazama machoni ili niione. Tuliliuza kwa kanisa la kata jirani. Faida tuligawana, yeye akachukua yake, na mimi yangu.

Wazee wa Rautala hawakupata kitu. Wanangoja mlangoni kila wiki mpaka basi lile lile, sasa lina jina la kanisa la watu wengine ubavuni, lipate nafasi ya kuwapitia kwa hisani. Ukitaka kujua hasira yetu iko wapi, panda humo siku ya hospitali, usikilize wanavyonyamaza likipita mbele ya ukumbi wa kata.

Koti langu liko ukutani gerejini kwa Verna, juu ya pipa lenye chaki. Kila mteja mpya huuliza ni la nani. Yeye husema ni la Trevarrow. Jina hilo, angalau, nilililipia nikalipata.